Mtambo wa gobori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuufungua, kuusafisha na kuufunga tena

Majibu haya yamejengwa juu ya mtambo mmoja, yaani sehemu ya bunduki inayowasha baruti: ule wa Brown Bess, bunduki ya gumegume (jiwe linalotoa cheche) iliyobebwa na askari wa Uingereza kwa zaidi ya miaka mia moja kuanzia miaka ya 1720. Nakala zake bado zinatengenezwa, kwa mfano na Pedersoli wa Italia, kwa hiyo ukiujua huu hutapotea sana ukikutana na mingine. Pale mtambo wa fataki (unaowasha baruti kwa kofia ndogo ya kulipuka badala ya jiwe) unapotofautiana, nimesema. Wanaouliza ni wa aina mbili: Waswahili walioko Marekani na Ulaya wanaolenga shabaha kwa baruti nyeusi, na watu wa nyumbani wanaotunza vitu vya kale.

Mtambo una nini ndani?

Nje kuna bamba kubwa la chuma, ambalo kila kitu kimefungwa juu yake. Upande unaoonekana una nyundo inayobana jiwe la gumegume, kifa cha kuwekea baruti ya kuwashia, chuma cha cheche kinachofunika kifa, na springi ya nje inayokisukuma chuma hicho. Upande wa ndani ndio wenye mambo. Kuna springi kuu yenye umbo la V. Kuna kipande cha mviringo chenye mapengo mawili, ambacho ndicho kinachoizungusha nyundo. Humu nitakiita kipande cha mapengo. Kuna ulimi, yaani jino linaloingia kwenye mapengo hayo, na springi ndogo inayousukuma. Juu ya vyote kuna bamba dogo linaloshikilia kipande cha mapengo kisiyumbe.

Pengo la kwanza ni la usalama: nyundo ikikaa hapo, kuvuta kifyatulio hakupaswi kufanya chochote. Pengo la pili ni la kufyatulia. Mtambo wa fataki una vitu hivi hivi kwa ndani, ila nje hauna kifa wala chuma cha cheche. Nyundo hupiga fataki iliyovikwa kwenye chuchu, kijibomba chenye tundu la kupitisha moto.

Je, niufungue wote kila nikitoka kufyatua?

Hapana, na hili ndilo jibu ninalolirudia kuliko yote. Mitambo mingi ya kale niliyowahi kuona imeharibika haikuharibiwa na kutu. Iliharibiwa na bisibisi isiyoenea na mkono wenye haraka. Ukitoka kufyatua, utoe mtambo mzima kwenye mti wa bunduki, uuoshe ukiwa umefungwa vile vile, uukaushe, utie mafuta, uurudishe. Kufungua kipande kwa kipande ni kazi ya mara chache: mafuta ya zamani yameganda, kuna kutu usiyoweza kuifikia, kitu kimevunjika, au umenunua bunduki ambayo hujui ilitunzwaje.

Kabla ya kugusa skrubu nifanye nini?

Hakikisha bunduki haina kitu ndani. Gobori halifunguki nyuma ukachungulia, na kuna magobori yaliyotundikwa ukutani vizazi viwili huku yana risasi na baruti. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haichoki. Chukua mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti mtutuni, uushushe taratibu mpaka ugote, uweke alama mahali unapotokea mdomoni mwa mtutu. Kisha utoe na uulaze nje sambamba na mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha ya chini ikifika karibu na tundu la moto (kitundu ambacho moto hupitia kuingia mtutuni), mtutu ni mtupu. Ikiishia inchi moja, mbili au zaidi kabla ya tundu, kuna kitu mle.

Ukikuta kuna kitu, acha. Usijaribu kukichokoa na usijaribu kuifyatua "ili itoke". Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni. Usichungulie mdomoni na usipulize kwa mdomo hata kama umeshapima.

Baada ya hapo, toa gumegume kwenye nyundo, au fataki kwenye chuchu. Ondoa baruti yote chumbani. Asiwepo mwenye sigara.

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ndicho kifaa kinachostahili fedha zako. Skrubu za kale zina mfereji mwembamba, na bisibisi ya dukani yenye ncha ya kabari huingia juu juu, ikiteleza inang'oa kingo. Tafuta bisibisi za mafundi bunduki, ambazo ncha yake ina pande zilizo sambamba, au chonga yako kwa tupa mpaka ijae mfereji wote kwa upana na kwa kina.

Kifaa cha pili ni kibanio cha springi, kile kidogo chenye skrubu ya kuzungusha kwa vidole. Vingine ni vya kawaida: panchi ya shaba, nyundo ndogo ya mbao, mswaki wa zamani, vijiti vya mbao, vitambaa vya pamba na miwani ya kukinga macho. Miwani usiidharau, maana springi kuu ikichomoka hairuki kuelekea sakafuni.

Trei ya mayai inafaa sana kuwekea skrubu. Skrubu za bunduki za kale zilitengenezwa kwa mkono moja moja, na mbili zinazofanana kwa macho huwa hazibadilishani matundu. Andika kila kijumba kwa kalamu.

Nautoaje kwenye mti wa bunduki?

Pandisha nyundo mpaka pengo la usalama. Brown Bess ina skrubu mbili zinazopita kutoka upande wa pili wa bunduki. Zilegeze mizunguko michache tu, usizitoe. Sasa gonga vichwa vyake taratibu kwa mpini wa mbao, mara hiki mara kile, na mtambo utasogea nje ukiwa sawasawa. Ukishalegea, toa skrubu na uunyanyue.

Usiuchokonoe kwa bisibisi ukingoni. Kingo za mti ndizo zinazomegeka, na mti uliomegeka pale haufichiki.

Uko mezani. Naanzia wapi?

Anza na springi kuu kwa sababu nguvu yote iko humo. Pandisha nyundo mpaka pengo la kufyatulia. Sasa springi imebanwa karibu na mwisho wake. Vika kibanio, kaza mpaka kiishike tu, kisha ongeza kidogo. Usikaze mpaka mikono miwili ya ile V igusane. Springi ya miaka mia mbili haitakusamehe. Shika nyundo kwa dole gumba, bonyeza mkono wa ulimi (ule ambao kifyatulio huusukuma), na uishushe nyundo polepole. Kwa kuwa springi imeshikwa na kibanio, nyundo itashuka haina nguvu, na springi itatoka pamoja na kibanio chake. Kama hutaifunga siku hiyo hiyo, legeza kibanio kidogo kidogo uiache springi ipumzike.

Inayofuata ni springi ndogo ya ulimi. Legeza skrubu yake mizunguko kadhaa, lakini kabla haijatoka kabisa, ingiza ncha ya bisibisi chini ya pindo la springi uinyanyue kidogo. Kuna kijino kinachokaa kwenye mfereji wa bamba kubwa, nacho ni lazima kitoke kwanza. Wanaosahau hilo hukivunja.

Kisha toa skrubu ya ulimi na ulimi wenyewe, halafu skrubu ya bamba dogo na bamba lake. Katika mitambo mingi skrubu ya ulimi hupita pia kwenye bamba dogo, hivyo usishangae likianza kucheza mapema.

Mwisho ni kipande cha mapengo. Huyu ndiye mkorofi. Amekaa kwenye tundu la mraba la nyundo kwa kubana, si kwa skrubu peke yake. Toa skrubu ya nyundo kwa nje, weka panchi ya shaba kwenye tundu la skrubu hiyo, tegemeza bamba kubwa juu ya kipande cha mbao chenye nafasi katikati, na gonga mara moja moja kwa upole. Kitadondokea chini na nyundo itabaki juu. Kuipembua nyundo kwa bisibisi kutoka nje kunapinda nyundo, kunakwaruza bamba, na mara nyingi kunafanya vyote viwili.

Springi ya nje na chuma cha cheche viache kama havina kutu. Kama ni lazima, ibane springi kwa kibanio kile kile, toa skrubu ya chuma cha cheche, kisha ya springi.

Ukifungua bunduki ya fataki kama Enfield ya 1853 au Springfield ya 1861, utakuta kiungo kidogo kati ya springi kuu na kipande cha mapengo. Angalia kinavyokaa kabla hujakitoa, maana Brown Bess haina kiungo hicho na picha zake hazitakusaidia.

Sina kibanio. Koleo haitoshi?

Haitoshi. Koleo inabana sehemu moja, inateleza, na mkwaruzo mdogo tu kwenye springi ndio mahali itakapokatikia siku nyingine. Kama huna kibanio, osha mtambo ukiwa umefungwa na usubiri mpaka ukipate.

Skrubu imegoma kabisa.

Dondoshea mafuta ya kupenya kutu, iache usiku kucha, rudia. Ikigoma bado, gusisha ncha ya chuma cha kulehemu umeme kichwani mwa skrubu kwa dakika moja au mbili, iache ipoe, ongeza mafuta. Kupashwa na kupoa huivunja ile kutu. Usitumie moto wa gesi, kwa sababu vipande vya mtambo vimekomazwa kwa moto na moto unaweza kuvirudisha ulaini. Skrubu inayogoma baada ya yote hayo mpe fundi.

Nisafishe kwa nini? Wengine wanasema petroli.

Inategemea uchafu. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masalia magumu: chumvi za potasi, salfa na kaboni. Chumvi hizo huvuta unyevu hewani na ndizo zinazoleta kutu hata bunduki ikiwa kabatini. Huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye petroli wala kwenye mafuta. Kwa hiyo mtambo uliotoka kufyatua husafishwa kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, mswaki, kisha maji safi. Maji yanayochemka si lazima, na chuma kikipata moto sana hushika kutu jepesi la rangi ya chungwa papo hapo.

Baada ya maji, fanya haraka. Futa, weka mahali pa joto, puliza maji yaliyojificha kwenye matundu. WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kopo, hufukuza maji vizuri, lakini usiitegemee ikae kama kilainishi. Ifute, kisha weka mafuta mepesi ya mashine.

Mafuta ya zamani yaliyoganda ni jambo jingine. Hayo ndiyo yanayotaka mafuta ya taa au spiriti. Loweka vipande vya chuma tu, sugua kwa kijiti cha mbao, futa.

Wanaotumia baruti mbadala, kama Pyrodex, wasidhani wamesalimika. Ina pakloreti, na masalia yake hula chuma vilevile.

Mafuta ya nazi je?

Watu wa pwani huuliza hili na ni swali la haki. Tatizo lake ni kwamba huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24 za Selsiasi, na yakikaa sana huchacha na kunata. Mombasa mchana mtambo utateleza, Arusha alfajiri au Minnesota mwezi wa Januari utajiburuta. Tumia mafuta mepesi ya mashine, tone moja kila mahali panaposuguana, na grisi kidogo pale ncha ya springi kuu inapokutana na kipande cha mapengo. Mengi zaidi ya hapo yanakusanya vumbi na kulowesha mti.

Uso wa chuma cha cheche, kifa na gumegume lenyewe lazima viwe vikavu kabisa.

Ni bunduki ya babu. Niitoe kutu yote ing'ae?

Tafadhali usifanye hivyo. Kutu jekundu linalotoka unga ukiligusa bado linakula chuma, hilo liondoe: mafuta, kitambaa kigumu, na kwa uangalifu kipande cha shaba au pamba laini ya chuma yenye mafuta. Lakini ile rangi nyeusi-kahawia iliyokaa sawasawa ni ngozi ya chuma kilichozeeka. Haidhuru, na ukiiondoa hairudi. Msasa haufai hata kidogo, kwa kuwa unafuta chapa, na chapa ndizo zinazosema bunduki ilitoka wapi. Herufi ELG ndani ya yai ni chapa ya majaribio ya Liège, Ubelgiji. Taji na neno TOWER kwenye bamba huelekeza Uingereza, ingawa watengenezaji wa bunduki za biashara nao waliiga alama hiyo kwa sababu wanunuzi waliiamini.

Baada ya kusafisha, badala ya mafuta mengi, makumbusho hupaka nta. Renaissance, nta iliyobuniwa katika British Museum, inatumika sana. Tabaka jembamba, kisha unasugua kwa kitambaa.

Kuufunga tena kuna siri gani?

Ni kurudi nyuma kwa mpangilio ule ule: kipande cha mapengo na nyundo, bamba dogo, ulimi, springi ndogo, springi kuu mwisho. Ila mambo matatu huwakwamisha watu.

Nyundo ina pande nne za kuingilia na tatu si sahihi. Kama hukuweka alama, iweke ukikumbuka kwamba ikishushwa kabisa inapaswa kutua mahali pake pa mwisho kwenye bamba, na ikiwa kwenye pengo la usalama iwe imeinuka kidogo tu. Igonge ikae kwa kitu cha mbao huku kipande cha mapengo kimetegemezwa kutoka ndani. Skrubu yake si ya kuvutia nyundo ndani.

Pili, ukishafunga bamba dogo, kabla ya springi yoyote, izungushe nyundo kwa kidole. Inapaswa kwenda na kurudi bila kukwama popote. Ikikwama sasa, kuna uchafu au skrubu si ya tundu lake. Ukilipuuza, springi kuu italificha kosa hilo mpaka siku ulipo uwanjani.

Tatu, usifyatue mtambo ukiwa nje ya bunduki ili "kuusikia". Mtambo wa fataki hauna chuchu ya kuisimamisha nyundo, na nguvu yote huishia kwenye vipande vya ndani. Ishushe nyundo kwa dole gumba siku zote.

Halafu jaribu usalama, bunduki ikiwa tupu. Nyundo kwenye pengo la kwanza, vuta kifyatulio kwa nguvu: isianguke. Nyundo kwenye pengo la pili, isukume mbele kwa dole gumba: isianguke. Ikishindwa jaribio lolote, bunduki hiyo haipewi baruti.

Mkononi unafanya kazi, ukirudi kwenye mti unagoma.

Nyingi ya kesi hizi ni skrubu za pembeni zilizokazwa kupita kiasi. Zilegeze robo mzunguko ujaribu tena. Ikiwa siyo, kuna kipande kinachogusa mti, hasa baada ya mti kuvimba kwa unyevu. Paka masizi ya taa kwenye vipande vya ndani, rudisha mtambo, ufanyishe kazi mara chache, utoe. Palipoachwa alama nyeusi ndani ya mti ndipo panapogusa. Katika nakala mpya unaweza kukwangua hapo kidogo sana. Katika bunduki ya kale acha mti ukauke polepole kwanza, na usikwangue.

Kifyatulio ni kizito. Nipige tupa kidogo kwenye pengo?

Hapana. Pembe ya pengo na ncha ya ulimi ndizo zinazozuia nyundo isianguke yenyewe, na ugumu wa uso wake ni mwembamba: tupa ikiuvuka, chuma laini kilicho chini kitalika baada ya mafyatuo machache. Uzito mara nyingi hutokana na uchafu au mafuta yaliyoganda, ambayo umeshayaondoa.

Gumegume halitoi cheche.

Futa mafuta kwanza, kwenye jiwe na kwenye chuma. Kisha tazama ukingo wa jiwe: uwe mkali, umenyooka, na uguse chuma cha cheche kwa upana wake wote, sehemu ya juu ya chuma, si chini. Livike kipande cha ngozi au bati jembamba la risasi (ile metali laini) ili lisicheze. Watu wengi hulaumu chuma kuwa kimelainika, na kweli hutokea, lakini baada ya jiwe jipya malalamiko mengi huisha. Mawe mazuri bado yanachongwa. Brandon, mji mdogo wa Suffolk nchini Uingereza, uliyachonga kwa ajili ya jeshi, na baadaye ukaendelea kuyauza Afrika hata karne ya 20, jeshi lenyewe likiwa limeyaacha kitambo.

Na kwenye mtambo wa fataki nisafishe nini zaidi?

Chuchu. Ifungue kwa ufunguo wake, si kwa koleo, pitisha waya mwembamba kwenye tundu, osha, kausha, paka grisi kidogo kwenye meno yake. Usifyatue nyundo juu ya chuchu tupu, maana mdomo wake utapondeka na fataki hazitakaa. Fataki za zamani zenye kloreti huacha chumvi kali, kwa hiyo osha na uso wa nyundo pia.

Bunduki hizi zilifikaje Afrika Mashariki kwa wingi hivyo?

Kwa biashara. Jeshi la Ulaya lilipohama kutoka gumegume kwenda fataki, na tena kwenda bunduki za risasi za shaba, silaha zilizoachwa ziliuzwa kupitia Zanzibar na bandari za mrima, zikaingia bara na misafara ya pembe. Kwa Omani na pwani zilikuwepo kabla yake bunduki za mrao, zinazowashwa kwa utambi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, lakini uliacha mlango wazi kwa zile za gumegume zenye mtutu usio na mifereji. Ndiyo maana gobori lilidumu huku. Wapiganaji wengi wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, waliokuwa na bunduki walikuwa na hizo.

Sheria inasemaje?

Usidhani ukale wake unakuondolea wajibu. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, sura ya 114. Ukirithi gobori au ukilikuta darini, nenda polisi ukiwa umeliacha nyumbani, ueleze, uulize utaratibu. Marekani, sheria ya shirikisho haizihesabu bunduki za kupakia mdomoni za kabla ya 1899 na nakala zake nyingi kama silaha za kawaida, lakini baadhi ya majimbo ni makali zaidi. Uingereza unaweza kumiliki ya kale kama pambo bila cheti. Siku utakapotaka kuifyatua, utahitaji cheti, na baruti nyeusi nayo ina kibali chake.

Springi kuu imevunjika. Mhunzi anaweza kunitengenezea?

Mhunzi mzuri anaweza, kama anajua kukomaza chuma cha springi na kisha kukipunguza ugumu kwa moto wa kiasi. Asiyejua hatua ya pili atakupa springi inayokatika kama kigae mara ya kwanza. Kwa nakala mpya, agiza springi ya mtengenezaji yule yule. Kwa bunduki ya kale isiyofyatuliwa, vihifadhi vile vipande viwili kwenye bahasha yenye maelezo, ufunge mtambo bila springi.